Watatu wa Sisimizi

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajavua koti la mvua, Pilipili alifungua matokeo ya dodoso, akasoma neno "watatu", akaipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe cha chai kikapinduka. Chai ikaingia kwenye kibodi. Hakuifuta. Aliisoma tena ile safu ya mwisho kabisa chini ya jedwali, kama mtu anayesoma hati ya kufukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Waliojibu dodoso walikuwa watu elfu moja mia nne na kumi na wawili. Waliosema wanamtumia Sisimizi walikuwa watatu.

Jina la Pilipili hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake wa kazi ya kwanza, na hakulikataa, maana alijijua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya shule, na mlango wake haufungiki mpaka uusukume kwa nyonga. Ndani mlikuwa na kompyuta nne, tatu kati ya hizo kuukuu kiasi kwamba mtu mwingine angezitegeshea mlango usipigwe na upepo. Yeye alizitumia kwa makusudi. Kompyuta za namna hiyo ndizo walizokuwa nazo watu aliowahudumia.

Hapa inabidi tuelezane kidogo. Waandishi wa programu huandika kwa lugha zao maalumu, na kompyuta haizielewi hizo lugha hivi hivi. Lazima awepo mkalimani katikati, ambaye naye ni programu: anasoma alichoandika mtu, anaiambia mashine la kufanya. Lugha moja yaweza kuwa na wakalimani kadhaa. Lugha aliyoitumia Pilipili ilikuwa na mkalimani mkubwa aliyeitwa Ndovu, aliyetungwa na watu wengi wenye nafasi na vyeo, na ambaye hakubali kuingia kwenye kompyuta isipokuwa mpya yenye kumbukumbu kubwa. Ilikuwa pia na mkalimani mdogo aliyeitwa Sisimizi. Huyu alitungwa na Pilipili peke yake.

Alimtunga kwa ajili ya dada yake. Dada huyo ni muuguzi, na miaka kumi na mitatu nyuma kituo chake cha afya kilikuwa kikiandika taarifa za kina mama wajawazito kwenye daftari. Siku moja kurasa mbili zilinatana kwa unyevu. Ukurasa uliofichika ulikuwa na onyo la mama mmoja aliyevuja damu vibaya katika uzazi wake wa kwanza. Zamu iliyompokea haikuliona onyo, na mama yule hakurudi nyumbani kwake. Dada alikaa wiki nzima bila kusema na mtu, kisha akamjia mdogo wake.

"Wewe si unajijua fundi wa kompyuta? Tumeletewa tatu za zamani, zimekaa stoo. Zifundishe kazi."

Pilipili akajaribu kumwingiza Ndovu kwenye zile kompyuta za stoo, Ndovu akagoma. Akajaribu tena, akagoma tena. Basi kila Jumamosi na Jumapili, kwa miaka miwili, akakaa kumtunga mkalimani mwembamba anayeweza kuishi kwenye mashine maskini. Juu yake akaandika rejista ya kina mama. Sasa vituo arobaini vilikuwa na rejista hiyo: mama mwenye hatari akiandikishwa, jina lake linatokea kwa rangi nyekundu, na hakuna ukurasa wa kunatana. Katika kila kituo Pilipili aliwafundisha wahudumu watano au sita kuandika programu ndogo ndogo wenyewe, za orodha na taarifa za mwezi, na wote akawaandikisha katika jumuiya ya watumiaji wa lugha ile.

Na jumuiya hiyo ndiyo iliyotoa dodoso. Wakalimani wamezidi, walisema viongozi, hatuwezi kuwapima wote. Atakayepata chini ya mtumiaji mmoja katika kila watu ishirini, tutamwacha. Kuachwa maana yake ni kwamba ghala la jumuiya, ambamo kila mwandishi huchukua vipande vya programu vilivyo tayari, lingeanza kubadilishwa bila mtu kuangalia kama mkalimani huyo bado anaweza kuvisoma. Rejista ya kina mama ilijengwa kwa vipande vya ghala hilo. Pilipili alipiga hesabu: miezi sita, saba kwa bahati, kisha vituo arobaini vinarudi kwenye daftari.

Akampigia simu Katibu wa jumuiya. Walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja zamani, wakigawana meza na feni.

"Habari za asubuhi, dada," Katibu alisema.

"Habari umeitoa wewe, unaniuliza mimi? Watatu? Nina watu zaidi ya mia mbili niliowafundisha kwa mdomo wangu huu, wewe unaniletea watatu?"

"Sikuleta, nimehesabu. Tena safari hii tumefanya vizuri kuliko mwaka wowote. Hatukumwuliza mtu anadhani anatumia mkalimani gani, maana watu husahau, wengine hujisifu. Tumempa kila mtu amri moja fupi. Anaiandika, mashine inajitaja yenyewe, yeye ananakili jibu. Mashine haina upendeleo, dada."

"Mashine haina. Mwenye jedwali je?"

"Unasemaje?"

"Nasema umepika, bwana. Umepika na umepakua."

"Mkutano ni Alhamisi saa nne. Njoo na hoja. Hasira iache nyumbani."

"Hasira yangu haina nyumba nyingine, inakaa hapa hapa," akasema Pilipili, akakata simu.

Inafaa ijulikane kwamba yeye mwenyewe alipojaza dodoso hakuiandika ile amri fupi. Aliiruka. Mtu haulizi jina la mwanawe. Aliandika "Sisimizi" kwa mkono wake, akabonyeza tuma, akaendelea na kazi.

Basi akakaa chini akaandika barua. Angengoja hata dakika kumi, angekunywa hata ile chai iliyobaki, lakini mwenye kuitwa Pilipili hangoji. Aliandika kwamba Katibu ameiba sauti za watu mia mbili, kwamba viongozi wanawataka wenye mashine mpya tu, kwamba wauguzi na watunza stoo kwao si watu. Alimtaja Katibu kuwa mwizi mara tatu, kwa herufi kubwa. Akaituma kwa wanajumuiya wote. Kwa robo saa moyo wake ulitulia kabisa, akafuta kibodi.

Majibu yakaanza kumiminika. Wachache walimuunga mkono. Wengi walimwambia athibitishe. Mmoja aliandika kwamba huenda wale sisimizi wamekufa kwa njaa, na watu themanini wakaweka alama za kucheka chini yake. Pilipili alimsoma huyo, akasimama, akachukua mkoba. Uthibitisho wanautaka? Angewaletea. Angepita vituoni kimoja kimoja akachukue saini, na angeanza na kwa dada yake.

Jumanne asubuhi alimkuta dada kwenye chumba cha rejista, chumba chembamba chenye mizani ya kupimia watoto upande mmoja na kompyuta upande mwingine. Kompyuta ilifunikwa kitambaa kilichoshonwa kutokana na shuka la wodini. Nje, kina mama saba walikuwa wameketi kwenye benchi wakingoja. Dada alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na alivaa funguo zote za kituo shingoni.

"Dada, shikamoo. Mbona hamkujaza dodoso? Nimewaomba, nimewabembeleza, nimetuma ujumbe mpaka vidole vikaniuma. Mmeniangusha!"

"Marahaba. Kwanza punguza sauti, kuna mtoto kalala," dada alisema. "Pili, nani hakujaza? Nimejaza mimi, wamejaza wote sita wa hapa. Vituo vingine nimewasumbua kwa simu mmoja mmoja, mpaka wengine wananikimbia. Tumejaza sote."

"Mliandika nini?"

"Tuliandika ilivyosema mashine. Si ndiyo maagizo?"

"Nionyeshe."

Dada akakunja kitambaa, akavuta kiti, akaiandika ile amri fupi polepole kwa vidole viwili. Kompyuta ikafikiri. Kisha kwenye skrini likatokea jibu la mstari mmoja: Ndovu, toleo la tisa.

"Nani kamwingiza Ndovu humu?" Pilipili alifoka. Mtoto aliyelala akaamka akaanza kulia. "Nani kagusa mashine hii? Niambieni ni nani!"

"Ndovu gani wa kuingizwa?" dada naye akakasirika. "Mashine hii hata kufungua picha moja mpaka uiombe. Hajaigusa mtu. Tangu uiweke wewe, mwanzo mpaka leo, ukiiuliza inasema hivyo hivyo. Mimi nikajua ndilo jina lake."

Pilipili alimwondoa dada kwenye kiti bila kumwomba radhi, akafungua mafaili ya Sisimizi, akashuka mpaka mahali ambapo mkalimani hujibu anapoulizwa yeye ni nani. Mstari ulikuwepo. Aliufahamu kama mtu anavyofahamu kovu lake. Juu ya mstari, kwa maneno yake mwenyewe, aliachia kumbukumbu: "Uongo wa muda tu. Toa wiki ijayo." Tarehe ilikuwa ya miaka kumi na moja iliyopita.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyeficha watu mia mbili hakuwa Katibu.

Alikumbuka yote. Mwaka ule lile ghala la jumuiya lilikuwa limewekewa bawabu, kimstari kifupi kilichouliza kila mkalimani jina kabla ya kumpa chochote, na asiyekuwa Ndovu akafungiwa nje. Hapakuwa na sababu ya maana. Vipande vyenyewe Sisimizi alivisoma vizuri kabisa. Pilipili aliandika barua ya adabu kuomba bawabu aondolewe. Hakujibiwa. Akaandika ya pili, na ya tatu, hakujibiwa. Vituo tisa vilikuwa vikingoja rejista. Basi akamfundisha Sisimizi kusema uongo, wiki moja tu, mpaka wakubwa watakapojibu. Mlango ukafunguka, kazi ikaanza, wiki ikapita, naye akasahau. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Huyu wake alitembea miaka kumi na moja na wala hakuchoka.

"Umebadilika rangi," dada alisema. "Kuna nini?"

Akamweleza. Dada alisikiliza huku akimbembeleza yule mtoto, na alipomaliza kusikiliza hakumwonea huruma hata kidogo.

"Kwa hiyo mwizi ni nani?"

"Dada, usinianze."

"Sijaanza, umeanza wewe. Umemtangaza mtu wa watu kuwa mwizi, ana mke, ana watoto wanaosoma barua hizo. Na uongo ni wako. Sasa nisikilize vizuri: utajijua na aibu yako, lakini daftari humu ndani halirudi. Mimi yule mama namwota mpaka leo. Halirudi, umenielewa?"

Pilipili alielewa. Aliketi kwenye benchi pamoja na kina mama, akafungua jedwali la matokeo kwenye kompyuta yake ya mkononi, lote zima, mstari kwa mstari, jambo ambalo alipaswa kulifanya Jumatatu kabla ya kuandika chochote. Wale watatu walikuwa yeye na wawili wengine walioandika jina kwa mkono, bila kuiuliza mashine. Mwanzoni alijilaani kimoyomoyo. Lakini alipofika mstari wa mia tatu hivi, hasira ilianza kugeuka upande, maana dodoso lilikuwa na swali la pili, na majibu yake yalikuwa hapo hapo pembeni: kompyuta yako ina kumbukumbu kiasi gani? Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Watu mia mbili na kumi na wawili waliandikwa kuwa wanamtumia Ndovu kwenye mashine ambazo Ndovu hawezi kuingiza hata mkonga. Ushahidi ulikaa mezani kwa Katibu wiki tatu, na katika wajumbe wote hakuna aliyeutupia jicho.

Alhamisi saa nne alikuwa ofisini kwake, mlango umesukumwa kwa nyonga, na kwenye skrini nyuso kumi na moja za wajumbe, Katibu akiwa katikati. Hazikuwa nyuso za kumkaribisha.

"Nimemwita Katibu mwizi," alianza. "Hakuiba. Mwongo ni mimi. Sisimizi akiulizwa jina husema yeye ni Ndovu, na mimi ndiye niliyemfundisha. Katibu, nisamehe. Leo leo nitaandika kwa wote niliowaandikia, kwa herufi kubwa zile zile."

Katibu aliitikia kwa kichwa.

"Nimemaliza kuomba radhi," Pilipili akaendelea, na sauti ikaanza kupanda. "Sasa nawauliza ninyi. Safu ya pili ya jedwali mliiomba ya nini? Mia mbili na kumi na wawili! Mmeambiwa Ndovu anaishi kwenye visanduku vya kiberiti, mkaandika, mkajumlisha, mkapiga mhuri. Hamkushangaa? Au mlishangaa mkaona ni watu wa vituo vya afya huko, potelea mbali?"

Mjumbe mmoja mwenye vipokea sauti vikubwa masikioni akakohoa. "Mimi naona jambo ni rahisi. Mkalimani anayekana jina lake hafai kuaminiwa. Aachwe tu, awe na watatu au mia tatu."

"Alikana kwa sababu mlangoni kwenu asiyekuwa Ndovu hapiti!" Pilipili alipiga meza, na safari hii hakukuwa na kikombe. "Niliandika barua tatu. Tatu! Nikawaomba kwa heshima zote mfungue, hamkujibu hata 'tumepokea'. Mnamlazimisha mtu ajifiche, halafu mnakuja na daftari la kuhesabu mnasema hamwoni. Kimstari chenu kile bado kipo mpaka leo, nimekiangalia asubuhi hii. Nani alikiweka? Huyo naye aaminiwe?"

Mtu mmoja akazima kamera yake.

"Nilikiweka mimi," Katibu alisema.

Pilipili alikuwa amejiandaa kwa majibu mengi, lakini si hilo.

"Wakati ule nilikuwa mlinzi wa ghala. Kulikuwa na hitilafu, nikaona niwafungie wote wasio Ndovu kwanza, nitengeneze, halafu nifungue. Barua zako tatu nilizipata, dada. Ya kwanza nikasema nitaijibu kesho. Ya pili nikaona aibu kwamba sikujibu ya kwanza. Ya tatu sikuifungua."

Angalau angejitetea, Pilipili angepata mahali pa kumshika. Alimtazama tu. Katibu akaonyesha ghala kwenye skrini ili wote waone, akatafuta kile kimstari, akakifuta. Ilimchukua chini ya dakika moja. Miaka kumi na moja, na ilikuwa kazi ya chini ya dakika moja.

Wakapiga kura kuamua iwapo wale mia mbili na kumi na wawili wahesabiwe kuwa wa Sisimizi. Sita walikubali, watano walikataa. Katibu alikuwa wa sita. Sisimizi akabaki, kwa sharti kwamba mkalimani huyo aanze kujitaja kwa jina lake kabla ya mwisho wa mwezi, kwenye kila mashine, na kwamba Pilipili apeleke marekebisho hayo mwenyewe.

Ijumaa alirudi kituoni. Kina mama walikuwa tisa kwenye benchi siku hiyo. Akafuta mstari wa uongo, akafuta na ile kumbukumbu yake ya "wiki ijayo", akampisha dada kwenye kiti. Dada akaiandika amri fupi kwa vidole viwili. Kompyuta ikafikiri, kisha ikajibu: Sisimizi, toleo la kumi na nne.

"Ndiye huyu?" dada aliuliza.

"Ndiye."

"Uliyekuwa ukimtunga zile Jumamosi zote, hata harusi ya binti yangu ukaja umechelewa?"

"Huyo huyo."

Dada aliiangalia skrini kwa muda. "Kila mgeni akija hapa, mabwana wa wizarani, wafadhili, wote, mimi huwaonyesha rejista hii. Huwaambia Ndovu ametuokolea kina mama wengi. Huwaambia waliomtengeneza, popote walipo, Mungu awabariki. Miaka yote hii. Na wewe umesimama pale mlangoni, unasikia, hunisahihishi."

"Nilidhani unamaanisha rejista kwa jumla," Pilipili alisema. "Sikuwa nasikiliza majina."

Akatoka nje, akapita nyuma ya tangi la maji ambako hakuna aliyemwona, akalia kwa hasira: ya bawabu, ya barua tatu, ya Katibu ambaye hata kumchukia sasa hawezi vizuri, na zaidi ya yote ya mkono wake mwenyewe. Alipomaliza alinawa uso bombani, akarudi ndani kuchukua mkoba. Vilibaki vituo thelathini na tisa.